Anza na Cheni, Mlima Utafuata: Kutambua Barabara za Baiskeli kwa Picha

Habari za jioni, ndugu zangu, na asanteni kwa kufika.

Picha imewekwa mbele yenu. Barabara nyembamba ya lami inapanda kwa kona kali, waendesha baiskeli wanne wameinama juu ya usukani, na nyuma yao kuna mlima wenye theluji. Hapa ni wapi? Macho ya wengi hukimbilia mlimani, na hapo ndipo majibu huanza kuharibika. Mlima hubadilika sura kwa ukungu, kwa theluji na kwa lenzi, na milima ya Alpi huko Ulaya ina vilele vingi vinavyofanana. Barabara ni kazi ya mikono ya watu. Kila nchi ina kanuni zake za kuipaka rangi na kuiwekea vibao. Kwa hiyo tunaanza chini, ukingoni mwa lami, halafu ndipo tuinue macho.

Kwanza kabisa, hakikisha picha haijageuzwa kushoto kuwa kulia. Baiskeli yenyewe itakuambia. Cheni na gia hukaa upande wa kulia wa mwendeshaji. Kama ina breki za diski, sahani ya breki iko kushoto. Ukiona cheni iko kushoto, igeuze picha kabla ya kufanya lolote, maana utashinda siku nzima ukitafuta kona ya kulia ambayo kwenye ramani ni ya kushoto.

Pili, magari hupita upande gani? Msiwatazame waendeshaji: siku ya mashindano barabara hufungwa nao huitumia yote. Tazameni vibao vimeelekea wapi na magari yameegeshwa vipi. Kwetu alama hii ina thamani kubwa. Kenya, Uganda na Tanzania magari hupita kushoto. Rwanda, Burundi na Kongo hupita kulia. Vilima vya kijani vyenye migomba na mashamba ya matuta vinaweza kuwa Kigezi, Uganda, au kaskazini mwa Rwanda, na kibao kimoja tu kikaamua.

Rangi za vibao vya mwelekeo nazo husema. Ufaransa, barabara kuu za kasi hutumia bluu, njia kuu nyingine kijani, na njia za kawaida nyeupe. Italia kijani ndicho cha barabara za kasi, na bluu ni ya njia nyingine nje ya miji. Ujerumani, nje ya barabara za kasi, utaona njano. Na mstari wa katikati ukiwa wa njano mahali penye milima na maji ya bahari yaliyoingia bondeni, fikirieni Norwe kabla ya Alpi.

Sasa tukae kidogo na kitu kimoja, jiwe la kilomita la Ufaransa, kwa sababu hakuna alama ninayoiamini kuliko hii. Ni jiwe fupi jeupe lenye kichwa cha mviringo. Kichwa cha njano ni barabara ya mkoa, yenye herufi D. Chekundu ni barabara ya taifa, yenye herufi N. Mwaka 2006 serikali iliikabidhi mikoa sehemu kubwa ya barabara za taifa, kwa hiyo picha ya zamani inaweza kuonyesha N pale ambapo ramani ya leo inaandika D. Msiikatae picha kwa hilo. Kwenye milima inayopendwa na waendesha baiskeli kuna mawe au vibao vya ziada vinavyotaja kilomita zilizobaki hadi kileleni, kimo kutoka usawa wa bahari, na wastani wa mwinuko wa kilomita inayofuata.

Tuseme jina limefichwa na mguu wa mtu, lakini mnasoma kilomita 4 na mita 2,322. Kati ya njia za juu milimani za Ufaransa, Tourmalet inaondoka mara moja, kwani kilele chake ni mita 2,115. Izoard ina 2,360. Mita 38 ndani ya kilomita 4 ni tambarare kama uwanja wa mpira. Iseran ina 2,764, ambayo ingedai mwinuko wa asilimia 11 kwa kilomita zote nne, na huo ni mkali mno kwa barabara ile. Galibier ina 2,642: mita 320 kwa kilomita 4 ni asilimia 8, na hiyo inakubalika. Hesabu hii haithibitishi kitu, ila imepunguza kazi sana.

Kona nazo huhesabiwa. Alpe d'Huez, Ufaransa, ina kona 21, namba zikishuka kadiri unavyopanda: 21 iko chini, 1 iko juu, na kila kibao kina jina la mshindi wa mashindano ya Tour de France yaliyoishia hapo. Stelvio, njia ya mlimani ya Italia, ukipandia kutoka kijiji cha Prato, ina kona 48 zilizopewa namba kwa mtindo huohuo, zikishikiliwa na kuta za mawe. Upande huo vibao huandikwa Kiitaliano na Kijerumani. Ukishuka upande wa pili, wa mji wa Bormio, Kijerumani kinakoma. Barabara ikijizungusha na kupita chini yake yenyewe kati ya miamba ya kijivu, hiyo ni Sa Calobra, kwenye kisiwa cha Mallorca, Hispania.

Jua ndilo linalodanganya watu. Kwenye Alpi kivuli cha saa sita mchana huelekea kaskazini mwaka mzima. Lakini jioni ya Juni jua huzama kaskazini-magharibi, hivyo kivuli hulala kusini-mashariki, na anayetumia kanuni ya mchana atakosea. Karibu na ikweta kanuni hiyo haifai kabisa. Tarehe 28 Septemba 2025, siku ya mwisho ya mashindano ya dunia ya barabara pale Kigali, jua la adhuhuri lilikuwa karibu kabisa utosini. Kwa picha za saa hiyo, acheni kivuli, tafuteni mawe ya Mur de Kigali, mwinuko wa barabara iliyotandazwa mawe.

Msipime mwinuko kwa macho pia. Mpiga picha akiinamisha kamera, tambarare huwa mlima. Tafuteni kitu kilichosimama wima, kama nguzo ya umeme au ukuta wa nyumba, kisha mlinganishe na lami. Lenzi ndefu huzibana kona hadi zionekane zimepandana.

Mkishapata dhana, ijaribuni. Andikeni mfuatano wa kona kwenye karatasi: kulia, kushoto, kipande kirefu, kulia. Utafuteni kwenye picha ya setilaiti. Ukipatana, fungueni ramani ya pande tatu, shusheni jicho hadi mita mbili juu ya barabara, mgeukie upande wa kamera, na mlinganishe mstari wa vilele vya mbali. Msitumie miamba ya karibu, kwa sababu ramani hizo huilainisha. Misitu hukatwa na lami hubadilishwa. Mstari wa vilele hubaki. Mfuatano wa kona ukigoma hata mara moja, rudini mwanzo, hata kama mlima unafanana mno.

Sasa naweka picha ya kwanza. Cheni iko upande gani?