Swali la Pale Mapokezi

Ndugu zangu wauguzi, na ninyi dada na kaka mnaokaa mapokezi, ahsanteni kwa kuja. Niliombwa nizungumzie afya ya Waaborijini, wenyeji wa asili wa Australia. Muda hautoshi kwa yote hayo, kwa hiyo nitashika swali moja tu, lile lililo kwenye fomu ya mgonjwa mpya katika kliniki za madaktari wa familia hapa Australia: je, una asili ya Kiaborijini au ya Visiwa vya Torres Strait? Visiwa hivyo viko kaskazini mwa nchi, na watu wake nao ni wenyeji wa asili. Mgonjwa anajibu hapana, au anataja mojawapo, au zote mbili. Basi. Hata hivyo, watu wengi wa mapokezi hulikwepa.

Si kwamba wana roho mbaya. Wengine wanaona haya. Wengine wanamtazama mgonjwa, nywele za dhahabu, macho ya buluu, wanamjibia: "Huyu Mzungu." Alama inawekwa kwenye hapana. Mimi natoka Mombasa, na kuna kliniki moja ilinijazia "ndiyo" kwa kuniangalia uso tu! Wapo pia wanaosema, "Sisi hatubagui, tunatibu wote sawasawa." Kauli hiyo inapendeza masikioni, na ndiyo ninayoipinga kuliko zote. Ukimtibu sawa na wengine mtu ambaye hatari yake si sawa na yao, umempunja.

Tazameni. Mwongozo wa hapa unataka Mwaborijini akadiriwe hatari ya ugonjwa wa moyo kuanzia miaka 30, wakati wengi wetu tunasubiri hadi 45. Chanjo ya mafua ni bure kwake tangu akiwa na miezi 6, katika umri wowote. Upo uchunguzi maalumu wa afya unaolipiwa na Medicare, bima ya afya ya serikali, ule tunaouita kwa namba yake kwenye orodha ya Medicare, 715, na baada yake muuguzi anaweza kumfuatilia hadi mara 10 kwa mwaka. Halafu dawa: kuna mpango ulioanza Julai 2010 ambao humwezesha aliyekuwa analipa bei ya kawaida alipe ya punguzo, na mwenye kadi ya punguzo kwa kawaida halipi kitu. Sasa kisanduku kikiachwa kitupu, daktari kule ndani hana habari. Hakuna wa kumkumbusha 715, hakuna wa kumsajili kwenye mpango wa dawa. Mgonjwa wa kisukari anafika duka la dawa na karatasi ya dawa tatu, anaulizia bei, anachukua moja, mbili anaziacha kaunta. Mwezi ujao sukari iko juu, na sisi tunaandika kwenye faili kwamba hafuati maagizo.

Msiniambie "kwetu hawapo." Sensa ya 2021 ilihesabu watu 812,728 waliojitambulisha kuwa na asili hiyo, asilimia 3.2 ya nchi nzima. Wanaoishi maeneo ya mbali ni kama asilimia 15 tu. Waliobaki wako mijini na kwenye miji midogo, wanapanga foleni zilezile mnazozihudumia. Na kwa takwimu za 2020 hadi 2022, mwanamume wao anatarajiwa kuishi miaka 8.8 pungufu ya wengine, mwanamke 8.1.

Kwa nini basi mgonjwa mwenyewe asiseme? Kumbukeni kwamba hadi karibu 1970 serikali ilikuwa ikiwachukua watoto wa Kiaborijini kwa nguvu kutoka kwa wazazi wao, na waliofanya hivyo walikuwa na kalamu na daftari kama sisi. Serikali iliomba radhi Bungeni mwaka 2008. Bibi anayekaa leo kwenye viti vyenu vya kusubiri huenda alichukuliwa yeye. Akisita, ana haki.

Kwa hiyo mwambieni sababu kabla hajauliza: "Swali hili tunamuuliza kila mtu, kwa sababu kuna chanjo na huduma ambazo huenda unastahili." Sauti ya kawaida, si ya kunong'ona kama mnauliza habari za kaswende. Msidai cheti, wala msiulize asilimia ya damu. Na neno "mbona hufanani nao" lisitoke kinywani mwenu kabisa. Asipotaka kujibu, andikeni kwamba hakutaka, msimkisie. Mwaka mwingine ulizeni tena, watu hubadili mawazo wakishawazoea.

Watoto ndio wanaopotea zaidi. Mama Mzungu kaja na mtoto, karani anamtazama mama, anajaza "hapana" kwa wote wawili, kumbe baba ni Mwaborijini. Kila mtoto na swali lake.

Mafaili ya zamani msiyaache. Toeni kwenye kompyuta orodha ya ambao jibu lao halijajazwa, muiweke hapo mapokezi tayari kwa Aprili, chanjo za mafua zinapoanza na watu wanapokuja kwa wingi. Haya, nani ana swali? Dada wa pale nyuma, naona mkono wako uko juu muda mrefu.