Kitanzi Kisichoonekana: Kuongozwa na Picha katika Kolonoskopi
(Mhadhara uliotolewa Mtwara mjini)

Ndugu madaktari, wauguzi, na wazee wetu mliotoka Mikindani na Naliendele, nianze na swali analouliza mgonjwa hata kabla hajapanda kitandani: je, kolonoskopi, yaani kipimo cha kuchunguza utumbo mpana kwa kamera iliyo kwenye ncha ya mpira mrefu, kinauma? Mara nyingi maumivu hayaletwi na kamera kupita, bali na mpira wake kujikunja ndani ya sigmoidi, ile sehemu ya utumbo mpana iliyolegea chini kushoto mwa tumbo, ukafanya kitanzi na kuuvuta utando unaoushikilia utumbo.

Kamera humwonesha daktari kilicho mbele ya ncha tu. Umbo la mpira nyuma yake halioni. Zamani wengine walitegemea eksirei, pamoja na mionzi yake. Mwaka 1993 watafiti wa Uingereza walieleza njia ya kutumia sumaku. Katika mashine za sasa, koili ndogo, yaani nyaya zilizoviringwa, zilizopangwa ndani ya mpira hutoa usumaku hafifu, kipokezi kando ya kitanda huunasa, na kompyuta huchora umbo lote kwenye skrini. Daktari akikiona kitanzi huacha kusukuma, huvuta nyuma huku akizungusha, na muuguzi hubonyeza tumbo mahali penyewe, si kwa kubahatisha. Anayenufaika zaidi, kwa maoni yangu, ni mwanafunzi, kwa kuwa mkono wa mzoefu umeshajifunza kuhisi.

Mashine hiyo ni ghali, nami sikuja kuinadi. Hata pasipo nayo, tazameni alama za sentimita kwenye mpira: ulionyooka hufika mwanzo wa utumbo mpana, karibu na kidole tumbo, ukiwa umeingia sentimita 70 hadi 80 hivi, ingawa utumbo wenyewe una urefu wa takriban mita moja na nusu, kwa sababu hujikusanya juu ya mpira kama mkono wa shati. Ukisoma 110 na hujafika, kitanzi kipo.

Picha hii ya sumaku haitafuti vinyama vinavyoota ndani ya utumbo. Hivyo huonekana utumbo ukiwa msafi na kamera ikitolewa taratibu, kwa muda usiopungua dakika 6.

Hapa mezani nina mpira wa kumwagilia bustani na mkono wa shati kuukuu. Muuguzi uliyekaa mbele, karibu, usukume mpira huu. Mimi nitabonyeza hapa unapofura.