Ncha Mbili, Anwani Mbili: Mhadhara kwa Mafundi wa Mtandao, Tanga

Ndugu mafundi, habari za mchana. Chukueni kiungo kimoja cha redio, kutoka paa la Ngamiani hadi mnara wa Pongwe. Huku ruta, kule ruta. Kinataka anwani ngapi za IP? Mbili. Lakini ukifungua ruta nyingi unakuta /24, yaani kipande cha anwani 256 (namba ya baada ya mkwaju ikikua, anwani hupungua), kwa sababu ndiyo iliyozoeleka mkononi.

Mliopiga hatua mnatumia /30, maski 255.255.255.252. Ina anwani nne: ya kwanza ni ya mtandao, ya mwisho ni ya matangazo, mbili za katikati ndizo za ruta. Ni sawa na kulipia viti vinne vya basi la Muheza mkakaa wawili. Mwezi Desemba 2000 ikatoka RFC 3021, waraka wa kanuni za intaneti, ikaruhusu /31: hakuna ya mtandao, hakuna ya matangazo, zote mbili zinavaliwa na ruta. /24 moja iliyokuwa ikitoa viungo 64 sasa inatoa 128.

Atasema mtu, mimi natumia anwani za faragha zinazoanza na 10, haziishi. Kweli haziishi. Ila kwenye viungo vinavyobeba wateja wa intaneti, ruta yenye anwani ya faragha ikituma ujumbe kwamba pakiti ni kubwa mno, vichujio vya mbele huutupa. Mteja anapiga pingi (jaribio dogo la muunganisho) inajibu, ukurasa haufunguki, nawe unalaumu redio. Hapo unataka anwani za umma, na tangu Januari 2020 AFRINIC (mgawaji wa anwani za IP Afrika) haitoi zaidi ya /22 kwa ombi moja, yaani 1,024.

Kosa la kwanza la wanaoanza /31 ni la hesabu. Jozi ya /31 huanza na namba shufwa: 0 na 1, 2 na 3. Ukiweka anwani inayoishia .1 huku na .2 kule, hizo ni sabneti (vipande vya mtandao) mbili tofauti, hazionani. Kwa /30 mwanzo ugawanyike kwa 4.

Kosa la pili ndilo linalowapandisha watu mnarani usiku: kuhama kutoka /30 kwenda /31 kwa mbali. Tuseme uko upande wa Ngamiani; Ngamiani ni 10.20.5.1, Pongwe ni 10.20.5.2. Jozi mpya ni .0 na .1, basi anayebadilika namba ni Pongwe. Ngamiani inabadilika maski tu. Ingia Pongwe kwanza, uiagize ruta ijiwashe upya yenyewe baada ya dakika 10, kisha weka 10.20.5.0/31 bila kuhifadhi. Muunganisho utakatika, usishtuke. Rekebisha Ngamiani, ingia Pongwe kwa .0, futa lile agizo, ndipo uhifadhi. Ukikosea, ruta itarudi na mpangilio wa zamani, na ngazi itabaki stoo. Ukianza na Ngamiani, umejifungia nje.

Kama mnatumia OSPF, itifaki ya ruta kupeana njia, wekeni aina ya kiungo kuwa ncha-kwa-ncha pande zote mbili. Hakuna uchaguzi wa kiongozi, kwa hiyo zile sekunde 40 za kungoja hazipo. Ukiweka upande mmoja tu, majirani wanaweza kuonekana wameshikana kabisa na bado njia zisiingie kwenye jedwali. Hilo hupoteza siku nzima.

RouterOS (mfumo wa ruta za MikroTik) za zamani haziijui /31. Huko weka anwani yako kwa /32 (anwani moja tu), na sehemu ya mtandao uandike anwani ya ruta ya ng'ambo.

Na zile redio zenyewe? Zikiwa daraja tu, zinapitisha data bila kuchagua njia, kila moja bado inataka IP ya kuingilia. Ukizichanganya na ruta kwenye sabneti moja, ncha si mbili tena, ni nne. /30 haitoshi, utahitaji /29 yenye nafasi sita. Binafsi naona afadhali redio zipewe VLAN (mtandao pepe uliotengwa) yao ya usimamizi, /31 ibaki ya ruta peke yake.

Kwa IPv6, mfumo mpya wa anwani ndefu, tumieni /127 yenye anwani mbili, kama RFC 6164 ya Aprili 2011 inavyoelekeza. Mkiweka /64, mtu wa nje atapiga anwani zisizokuwepo, na ruta ya itheneti itajaza jedwali lake la majirani ikizitafuta. Tengeni /64 nzima kwa kila kiungo kwenye daftari mkitaka, lakini kwenye ruta iandikwe /127. Maswali, karibuni.