Pakia kwa Ajili ya Atakayetafuta

Ndugu wasikilizaji, asanteni kwa kunikaribisha. Nimeombwa nizungumzie namna ya kupakia na kupanga nyaraka katika hazina ya maarifa ya mtandaoni. Kupakia kwenyewe hakuna ugumu. Kila mfumo una kitufe chake, na mtu hukizoea upesi. Kazi huanza faili likishapanda. Aliyelipakia anajua liko wapi na linahusu nini, ila mwenzake atakayelihitaji mwakani hajui lolote kati ya hayo. Huyo wa mwakani ndiye ninayemtetea leo.

Nianze na jina. Faili linaloitwa "ripoti mpya ya mwisho kabisa" linamwambia nini mgeni? Ripoti ya nini? Mpya tangu lini? Jina litaje mada, aina ya hati na tarehe, na tarehe ianze na mwaka, ufuate mwezi, kisha siku: 2024-03-15. Ndivyo kinavyoagiza kiwango cha kimataifa cha ISO 8601. Tarehe ikitangulia kwenye jina, kompyuta inapopanga majina hati nazo hujipanga kwa mfuatano wa wakati, bila mtu kuzigusa.

Kisha yapo maelezo yanayoambatana na hati: kichwa, mwandishi, mada, lugha, haki za matumizi. Mwaka 1995 wakutubi na wataalamu wa kompyuta walikutana katika mji wa Dublin, jimbo la Ohio, Marekani, na hapo ikaanza orodha ya maelezo ya namna hiyo, inayojulikana kama Dublin Core, ambayo msingi wake ni vipengele 15. Si lazima mjaze vyote. Kichwa na mada, nawasihi, msiviache vitupu. Na katika mada kubalianeni maneno. Mmoja akiandika "likizo", mwingine "mapumziko", wa tatu "ruhusa", anayetafuta atapata sehemu tu ya kilichopo, aondoke akiamini ndiyo yote. Afadhali angekosa kabisa, maana aliyekosa huuliza.

Folda nitazigusa tu: ngazi mbili au tatu zinatosha. Hati huwekwa katika folda moja lakini inaweza kubeba lebo kadhaa, yaani maneno mafupi ya mada yanayobandikwa kwenye hati, kwa hiyo mzigo wa kupanga uachieni lebo.

Hati zilizoskaniwa zina mtego wake. Mara nyingi ni picha za kurasa, na kisanduku cha kutafuta hakioni neno hata moja ndani yake. Jaribuni kuchagua sentensi moja kwa kipanya. Ikikataa, ipitisheni kwanza kwenye programu ya kutambua maandishi. Zile za kuhifadhiwa miaka mingi ziwekeni katika muundo wa PDF/A, aina ya PDF ya kuhifadhia kwa muda mrefu, uliotolewa kama kiwango mwaka 2005, ambao hutaka hata fonti, yaani maumbo ya herufi, ziwe ndani ya faili lenyewe.

Sasa nifike kwenye linaloniumiza zaidi: hati iliyopitwa na wakati ambayo bado inapatikana kana kwamba ni hai. Mfanyakazi mpya anaisoma, anaitii, na anakosea kwa sababu alitii. Basi toleo jipya msiliweke kando ya la zamani. Libadilisheni palepale, ili kiungo kibaki kilekile, na mfumo utunze matoleo ya nyuma mahali pake. Kila hati iwe na mwenyewe, atajwe kwa cheo chake kwa kuwa watu huhama, na iwe na tarehe ya kupitiwa upya. Isiyo na mtu wa kuipitia, iondoeni kwenye utafutaji.

Kabla ya kufungua ruhusa ya hati kwa wote, angalieni kama ndani yake kuna taarifa za siri za mtu. Mkishapakia, mwombeni mwenzenu asiyeijua hati hiyo aitafute kwa maneno yake mwenyewe, nanyi mkae kimya. Maneno atakayoandika yasipomfikisha, yaongezeni kwenye lebo siku hiyohiyo.