Kwa Nini Ruaha Mkuu Hukauka: Mhadhara kwa Walimu wa Jiografia, Mbeya

Walimu wenzangu, mwagona! Na ninyi mliopanda basi alfajiri kutoka Iringa na Makambako, kamwene!

Nimeombwa nizungumzie utafiti wa sasa kuhusu ufundishaji wa jiografia. Ningeweza kuwapa orodha ya majina, mkayaandika, yakafia kwenye daftari. Afadhali tushike swali moja ambalo mtoto yeyote wa wilaya ya Mbarali amelisikia nyumbani kabla hajalisikia darasani: kwa nini Mto Ruaha Mkuu hukauka kiangazi? Tutaona watafiti wanatusaidia wapi.

Kwanza mchoro. Mpe mwanafunzi karatasi tupu, mwambie achore mzunguko wa maji. Atachora bahari, jua, mishale ya mvuke inayopanda, wingu, mlima na mvua. Watafiti Orit Ben-Zvi Assaraf na Nir Orion walifanya kazi ya namna hii na wanafunzi wa Israeli, wakaichapisha mwaka 2005. Walichokuta ni kwamba wengi walikuwa hodari wa yale ya angani, ila maji ya chini ya ardhi hayakuwemo kabisa. Waliokumbuka kuyaweka, baadhi yao waliyachora kama ziwa lililofungiwa chini, halina pa kutokea wala pa kuendea. Na binadamu? Hakuonekana, kana kwamba hanywi, halimi, wala hachimbi kisima.

Najua mnacheka kwa sababu mchoro huo mnao. Uko kwenye kitabu, uko ubaoni, na mwanafunzi akiunakili vizuri anapata alama zote. Sasa mchukue mwanafunzi huyo mwenye alama zote, umuulize habari za Ruaha. Atakujibu: mvua imepungua. Basi. Mchoro wake hauna mahali pengine pa kutafuta jibu.

Tuutazame mto wenyewe, maana hapa nataka tukae kidogo. Vijito vyake vinatoka kwenye milima hii, Uporoto na Kipengere, vinashukia bonde la Usangu. Huko juu milimani mvua ni nyingi kuliko bondeni. Kule chini Usangu ni kama milimita 600 au 700 kwa mwaka, na yote inanyesha kati ya Novemba na Mei. Kwa hiyo Usangu inaishi kwa maji ya milimani. Maji yakifika bondeni yanakutana na mabanio, yaani vizuizi vya kuchepushia maji, yanaingia mifereji ya mpunga, na yanayobaki yanakwenda kwenye kinamasi cha Ihefu. Ihefu ina mlango mmoja tu wa kutokea, Ng'iriama, ambako kuna kizingiti cha mwamba. Ni sawa na beseni lililomeguka ukingoni: maji yakishuka chini ya pale palipomeguka, hayatoki tena hata kama beseni lina maji tele. Tangu mwaka 1993 ndivyo inavyokuwa miezi ya kiangazi. Ihefu inabaki na maji yake, na mto ndani ya Hifadhi ya Ruaha unabaki madimbwi ya viboko.

Mwanafunzi akishakielewa kizingiti hicho, ugomvi wote wa Ruaha unafunguka mbele yake. Miaka ya 1990 nchi ilikuwa kwenye mgao wa umeme, maana mabwawa ya umeme ya Mtera na Kidatu yanategemea mto huu. Lawama zikashuka Usangu: wakulima wamemaliza maji, wafugaji wameharibu Ihefu. Mwaka 2006 na 2007 wafugaji wakahamishwa, na mwaka 2008 Pori la Akiba la Usangu, pamoja na Ihefu, likaingizwa ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Lakini watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine na wenzao wa nje, Bruce Lankford akiwemo, walikuwa wameshapima maji ya bonde hilo wakaona mambo mawili yanachanganywa. Mto kukauka kiangazi kunatokana zaidi na maji yanayochepushwa kwenye mabanio ya juu, mengine yakitembea mfereji mzima na kupotea njiani wakati hata mpunga haupo shambani. Bwawa la Mtera, kwa upande mwingine, hujazwa na maji ya masika. Yale maji machache ya kiangazi hayawezi kulijaza wala kulikausha. Kwa hiyo anayetaka kueleza mgao wa umeme lazima aangalie pia bwawa lenyewe lilivyoendeshwa.

Hapo sasa mna somo. Mna maelezo mawili yanayoshindana, kila moja lina watu wake, na ushahidi wa kuyapima upo. Waacheni wanafunzi wabishane, tena kwa Kiswahili kwanza, kisha waandike kwa Kiingereza cha mtihani. Anayeanza kwa kuandika Kiingereza hufikiria tahajia, mto ameshausahau.

Mwalimu mmoja aliniuliza pale mlangoni: je, mtoto wa Ubaruku, kule Mbarali, hajui haya kuliko sisi? Swali zuri, na utafiti una mjadala mkubwa juu yake. Mtoto huyo anajua banio lipi linafunguliwa na nani, anajua zamu ya maji ya usiku na nani huiba zamu. Maarifa hayo ni ya kweli, na mwalimu anayeyapuuza anapoteza nusu ya darasa. Ila hayavuki banio. Michael Young, mwanasosholojia wa elimu wa London, ameandika sana juu ya kile anachokiita maarifa yenye nguvu: yale yanayomwezesha mtoto kufikiri kupita yale ambayo maisha ya kila siku yamempa. David Lambert, mtaalamu wa ufundishaji wa jiografia, na wenzake wakalichukua wazo hilo wakalipeleka kwenye jiografia. Mimi nakubaliana nao kwa sehemu kubwa. Shule inayomfundisha mtoto wa Mbarali mambo ya Mbarali tu, hata kwa nia njema, imemrudisha nyumbani mikono mitupu. Nisichokubali ni wale wanaolitumia wazo hilo kurudisha kuandika notisi kutwa nzima. Dhana ya bonde la mto haina nguvu yoyote mpaka mtoto aitumie kueleza kizingiti cha Ng'iriama.

Kuhusu ziara za mafunzo nitasema machache, maana najua bajeti zenu. Tunawapeleka Daraja la Mungu, wanapiga picha juu ya Kiwira, wanakula, tunarudi. Nir Orion huyo huyo, na Avi Hofstein, waliandika mwaka 1994 kwamba mwanafunzi akifika mahali asipopajua, akiwa na dhana asizozijua, na hajui siku itakwendaje, ugeni huo unamlemea na kujifunza kunapungua. Dawa yake ni ya bei rahisi: kabla ya safari wapitie ramani ya mahali, washike vipande vya mawe yenyewe darasani, waambiwe watatembea kiasi gani na watakula saa ngapi. Na wawe na swali. Lava ya Rungwe iliyolifanya daraja lile inaeleza mengi, lakini haimwelezi mtu ambaye hakwenda na la kuuliza. Kama hela ya basi haipo, mfereji nyuma ya shule unatosha kabisa.

Sasa kazi. Mezani kuna ramani za 1:50,000, zile zile tunazozitumia kwenye mtihani, sentimita 2 kwa kilomita 1. Ni za Uporoto na pembezoni mwake. Kaeni wanne wanne, mfuate kontua, mchore mgongo unaogawa maji. Kuna maji yanayokwenda Usangu na hatimaye Rufiji. Kuna ya Kiwira yanayoingia Ziwa Nyasa, yakatoka kwa Shire hadi Zambezi. Na kuna yanayoishia Rukwa, ziwa lisilo na mto unaotoka. Muwe macho na Songwe, maana ziko mbili: moja inakwenda Rukwa, nyingine ndiyo mpaka wetu na Malawi na inaingia Nyasa. Wanafunzi huziunganisha kila mwaka, na si wanafunzi peke yao. Msifute mistari mliyokosea, nataka kuona mlibishana wapi. Mna dakika arobaini, kisha chai.