Nyundo, Grainda na Masikio ya Fundi: Mhadhara kwa Mafundi wa Jua Kali, Kibuye, Kisumu

Hamjambo mafundi, hamjambo wanagenzi, nanyi akina mama mnaouza karibu na mabanda.

Chuma cha moto kikikugusa, unaruka. Kelele haikurushi. Ndani kabisa ya sikio, kwenye mfereji uliojikunja kama konokono, mna seli zenye vinyweleo vidogo, kama 15,000 kwa kila sikio. Sauti kubwa huzilaza kama upepo unavyolaza mahindi. Zikipata utulivu huinuka; zikichapwa kila siku hufa, na kwa binadamu hazioti tena. Ule mlio unaobaki masikioni jioni baada ya kazi ni dalili kwamba zimeshapigwa.

Hutangulia kufa zile za sauti nyembamba, karibu na hezi 4,000 (hezi ni kipimo cha wembamba wa sauti). Ndiyo maana fundi hulalamika kwamba watu siku hizi wananong'ona. Ngurumo za matatu anazisikia vizuri, lakini "suka" na "shuka" kwake ni neno moja.

Sasa tufanye hesabu. Kanuni za Kenya za 2005 kuhusu kelele kazini zinaweka kikomo cha desibeli 90 kwa saa 8; desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti. Mimi nawaomba mshike 85, kwa sababu 90 bado inaharibu. Kuanzia hapo, kila zikiongezeka desibeli 3, gawanya muda kwa mbili: 88 ni saa 4, 94 ni saa 1, 100 ni dakika 15. Grainda ikikata bati hufikia 100 kwa urahisi. Huna kipimo? Simama hatua moja kutoka kwa mwenzako. Ikibidi upaze sauti ndipo akusikie, mko kwenye hatari.

Umbali ni dawa isiyonunuliwa. Mahali pa wazi, ukiongeza umbali mara mbili, zinapungua desibeli 6: 100 kwa mita 1 huwa 94 kwa mita 2, na 88 kwa mita 4. Chini ya paa la mabati nafuu hiyo hupungua, maana sauti inarudi. Kwa hiyo mwanagenzi asiye na kazi kwa sasa asichuchumae kando ya grainda; hapati ujuzi zaidi, anapata uziwi.

Halafu, punguzeni kelele inapozaliwa. Bati la sanduku la shule likipigwa huku linaning'inia, linalia kama ngoma. Lilaze juu ya gunia la mchanga, au weka kipande cha tairi kuukuu chini yake. Ukikata, libane karibu na mahali diski inapopita.

Viziba masikio vya sponji huja mwisho, na wengi huvivaa vibaya. Nawa mikono. Kisokote kiwe chembamba bila mikunjo. Pitisha mkono wa pili juu ya kichwa, vuta sikio juu na nyuma, ingiza, kisha kishikilie kwa kidole sekunde 30 hadi kivimbe. Kikibaki kimetokeza nje, toa uanze upya. Pamba haitoshi.

Na usikitoe ili kuongea huku grainda ya jirani inalia. Kiziba kinachopunguza desibeli 30, ukikivua nusu saa tu katika saa 8 za kelele, kinga yako ya siku hiyo inashuka hadi karibu desibeli 12. Ukitaka kuongea, toka nje ya banda kwanza.