Shahada ya Uhandisi wa Nguo, na Kanga Inayochuja

NDESHI: Karibuni, tupo Arusha kama kawaida. Eli, juzi nilikuwa kwa dada, kule Njiro. Kijana wake kamaliza kidato cha sita, PCM, yaani fizikia, kemia na hisabati, anataka uhandisi wa nguo. Kaja wakala na karatasi za chuo cha nje, dada ameshaanza kutaja shamba.

ELI: Shamba lisiuzwe! Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wana shahada hiyo, miaka minne, na ataomba mkopo Bodi ya Mikopo.

NDESHI: Nilimwambia. Akaniuliza, "Huko wanafundishwa kushona?"

ELI: Hapana jamani. Wanasoma nyuzi, kusokota, kufuma, mashine, rangi. Ile kanga yako iliyochuja, majibu yake yako humo.

NDESHI: Kanga ya send-off! Niliiloweka kwenye chumvi alivyonifundisha mama, bado mashati ya shule yakawa ya pinki.

ELI: Chumvi haizuii. Kiwandani inasaidia rangi iingie kwenye pamba, lakini kwa hizi rangi za riaktivu, zile zinazoungana na pamba yenyewe, kinachoifanya ikamate ni magadi. Ile isiyokamata inatakiwa ifuliwe itoke yote. Wakibania maji ya moto, itatokea kwenye beseni lako.

NDESHI: Mama anasikiliza, Eli. Na siki?

ELI: Siki inafaa kwenye rangi za sufu na hariri. Kwa kanga ya pamba haisaidii.

NDESHI: Ameshatuma ujumbe: "Mwambie Eli kanga zangu za chumvi ni kubwa kwake kwa umri."

ELI: Shikamoo mama! Zako zilifuliwa vizuri kiwandani, chumvi imepewa sifa isiyo yake.

NDESHI: Hilo simfikishii. Turudi kwa kijana. Aende chuo moja kwa moja.

ELI: Mimi nasema aanze kiwandani. Tuna Sunflag hapa, tuna A to Z kule Kisongo. Kuna chandarua dawa yake inachanganywa kwenye plastiki kabla uzi haujavutwa. Akaombe hata kibarua aone.

NDESHI: Mtoto wa nyumba yenye shida akishika mshahara wa kwanza, wote wanamwegemea. Shule harudi. Nimewaona hapa hapa mtaani.

ELI: Na akihitimu akakosa kazi? Pamba yetu nyingi inauzwa nje ikiwa pamba nyuzi, haijasokotwa. Viwanda vya kumwajiri viko wapi? Na deni la Bodi ni asilimia 15 ya mshahara kila mwezi.

NDESHI: Anakatwa akiwa na mshahara, Eli!

ELI: Kukosa mshahara hakufuti deni, dada.

NDESHI: Wahandisi wasiposomeshwa, hivyo viwanda vitaendeshwa na nani? Tutaendelea kuuza pamba nyuzi.

ELI: Usimbebeshe kijana mmoja mzigo wa nchi nzima.

NDESHI: Sijakubali.

ELI: Wala mimi.

NDESHI: Na tumebakiwa na dakika moja. Maswali ya kumuuliza wakala hatujayagusa kabisa.

ELI: Haraka haraka: kwanza, shahada yake TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, wataitambua? Pili, karakana ina mashine za kusokota na kufuma zinazofanya kazi, au wanafunzi wanaziona kwenye...

NDESHI: Muda, Eli. Mengine wiki ijayo.

ELI: Haya. Na hiyo kanga uifue peke yake!